Rafu za paleti kwa ghala la kipimo cha HO: mwongozo kamili wa kuzijenga mwenyewe

Maghala mengi kwenye meza za reli ndogo, yaani mifano ya treni na reli, yamekamilika kwa nje tu. Kuta zina michirizi ya kutu, mlango wa kukunja umeinuliwa nusu, behewa limesimama pembeni ya jukwaa, lakini ukichungulia ndani unakuta giza, au maboksi mawili yamewekwa sakafuni basi. Wanaojaribu kuweka rafu nao hukwama kwenye unene. Nguzo ya rafu halisi ina upana wa sentimita 8 hadi 12. Ukiitengeneza kwa kijiti cha kiberiti chenye milimita 2, kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, umepata nguzo ya sentimita 17. Mtazamaji anaweza asijue kasoro iko wapi, ila ataona kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Kwa hiyo karibu kila ninachoeleza hapa kinahusu namna ya kupata vitu vyembamba, vilivyonyooka na vinavyofanana, bila kupoteza macho wala subira.

Nimechagua HO, yaani 1:87, kwa sababu ndicho kipimo kinachotumika zaidi duniani. Wanaojenga kwa vipimo vingine, yaani OO, N na O, wataona mwishoni namna ya kubadilisha hesabu.

Kwanza, zama za ghala lako

Rafu ndefu za chuma zenye paleti, yale majukwaa bapa ya mbao ya kuwekea mizigo, haziendani na kila enzi. Zinahitaji foklifti, gari lenye uma za kuinulia mizigo, na foklifti inahitaji paleti za ukubwa unaojulikana. Barani Ulaya ni mashirika ya reli yenyewe yaliyokubaliana mwaka 1961 kubadilishana paleti za kipimo kimoja, ile ya milimita 1200 kwa 800 inayotumika hadi leo. Kwa hiyo behewa lililojaa paleti na ghala lenye rafu ni vitu vilivyokua pamoja, na ndiyo maana mjengo huu unastahili nafasi kando ya reli. Ukijenga ghala la miaka ya 1950, weka rafu nyepesi za vyuma vya pembe vyenye matundu, vya kufungwa kwa bolti. Kampuni ya Dexion ilianza kuviuza Uingereza mwaka 1947, na rangi ya kijivu inavifaa.

Wanaojenga reli ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya upana wa mita moja, wana kazi tofauti. Katika HO, reli ya upana huo huwakilishwa na njia ya milimita 12. Magodauni ya enzi ya East African Railways and Harbours yajazwe magunia yaliyopangwa sakafuni kwa marundo marefu, na watu wa kuyabeba. Rafu ya rangi ya chungwa kando ya injini ya mvuke ya Garratt itaharibu mandhari yote. Kwa reli ya SGR iliyoanza Kenya mwaka 2017, yenye njia ya milimita 16.5 katika HO, rafu za kisasa zinakaa vizuri kabisa.

Vipimo, na vilikotoka

Rafu ya kawaida ya Ulaya ina boriti ya milimita 2700 kutoka nguzo hadi nguzo. Hesabu yake ni nyepesi: paleti tatu za milimita 800 ni 2400, halafu kuna nafasi nne za milimita 75, jumla 2700. Kina cha fremu, yaani nguzo ya mbele na ya nyuma zikiwa zimeunganishwa, ni milimita 1100. Paleti ina urefu wa 1200, kwa hiyo inachomoza milimita 50 mbele na 50 nyuma. Usikose kuonyesha huku kuchomoza. Paleti iliyokaa ndani kabisa ya boriti huonekana kama kitabu kwenye kabati, na ghalani mambo hayako hivyo.

Ukigawa kwa 87 unapata hivi:

- Boriti: urefu 31, kimo 1.5, unene 0.5
- Nguzo: 1 kwa 1, urefu 57 (takriban mita 5 halisi)
- Kina cha fremu, nje kwa nje: 12.6
- Umbali kutoka usawa wa juu wa boriti hadi usawa wa juu wa inayofuata: 17.2 (mita 1.5)
- Paleti: 13.8 kwa 9.2, kimo 1.65
- Ujia wa foklifti ya kawaida: 40 (mita 3.5)

Vyote ni milimita. Kabla hujakata chochote, pima ghala lako kwa ndani. Boriti ya tatu itakuwa kwenye milimita 51.6, juu yake kuna paleti na mzigo, jumla karibu 66. Kama kenchi za paa zinaanza kwenye 60, punguza usawa mmoja na ufupishe nguzo. Rafu yenye ngazi mbili inayoacha hewa juu inaaminika kuliko ya ngazi tatu iliyobanwa na dari.

Amua pia ni rafu ngapi zitaonekana. Simama pale watazamaji watakaposimama, inama hadi usawa wa macho yao, angalia kupitia mlango. Mara nyingi utaona safu moja yote na ncha za safu mbili nyingine. Safu hiyo moja ndiyo ya kuifanyia kazi kwa uangalifu. Nyingine zitajengwa kwa njia ya mkato nitakayoieleza.

Vifaa

Kinachofaa zaidi ni vipande vyembamba vya plastiki ya stirini vinavyouzwa vimeshakatwa. Evergreen wana saizi ya milimita 1 kwa 1 na ya 0.5 kwa 1.5, ambazo ni nguzo na boriti zetu. Gundi yake ni ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki kidogo na kuiunganisha, kama Tamiya Extra Thin. Ifungulie mahali penye hewa, dirisha wazi, kwa sababu mvuke wake ni mkali.

Kama vipande hivyo havipatikani ulipo, kuna njia nyingine. Vikombe vingi vya mtindi na vifuniko vya vinywaji vina alama ya pembetatu yenye namba 6, maana yake ni stirini ileile. Sehemu iliyo bapa unaweza kuikata vipande kwa kisu kipya na rula ya chuma, na gundi hiyohiyo inashika. Kwa mihimili ya mshazari, chukua kebo ya mtandao wa kompyuta, ile ngumu ya kupitishwa ukutani, uichune. Ndani kuna nyaya nane za shaba zenye unene wa takriban nusu milimita, sawa na chuma cha sentimita 4 na ushee, na ndivyo ilivyo mihimili ya rafu halisi. Ili kuunyoosha waya, shika ncha moja kwa koleo, nyingine kwa koleo la pili, uvute taratibu mpaka uhisi umelegea kidogo. Unatoka umenyooka kabisa.

Zaidi ya hapo unahitaji kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, skwea ndogo, kibano, msasa laini, supa gluu, karatasi ya grafu, na karatasi ya kuokea mikate ambayo gundi haiigandi.

Kigezo cha fremu

Hapa ndipo kazi inafaulu au inaharibika. Fremu moja iliyopinda unaweza kuivumilia, lakini fremu sita ambazo hazilingani zitafanya kila boriti ikae upande, na hutaweza kurekebisha baadaye.

Chora fremu kwenye karatasi ya grafu: mistari miwili ya wima yenye urefu wa 57, umbali wa 12.6 nje kwa nje. Weka mstari mlalo kwenye 3 kutoka chini na mwingine kwenye 54. Kati yao chora mishazari saba ikipanda kwa zigizaga, kila mmoja ukipanda zaidi kidogo ya milimita 7. Weka alama ndogo kwenye 17.2, 34.4 na 51.6. Bandika mchoro kwenye kipande cha mbao bapa au kioo, kisha tandika karatasi ya kuokea juu yake, mistari itaonekana.

Sasa kata karatasi ya kuokea pale vitakapokaa, na ugundishe kwenye mchoro vipande vya plastiki vya kushikilia: kimoja upande wa nje wa kila nguzo, na kimoja chini ambapo nguzo zote mbili zitasimamia. Hakikisha kwa skwea kwamba cha chini na cha pembeni vimekutana kwa pembe mraba. Weka na kipande kifupi katikati, chenye upana wa 10.6, ili nguzo zisiingie ndani. Kigezo kimekamilika, na kitakutolea fremu hata mia.

Kata nguzo zote kwa mkupuo mmoja. Zilaze mbili kwenye kigezo. Mihimili ya plastiki ikate iingie katikati ya nguzo, uguse kila kiungo kwa brashi yenye gundi kidogo, itaingia yenyewe. Ukitumia waya, ulaze juu ya nguzo na uushike kwa nukta ya supa gluu iliyochukuliwa kwa ncha ya pini, kisha ukate ncha zinazozidi baada ya kukauka. Waya ukilazwa hivyo unaongeza nusu milimita upande mmoja wa fremu. Fremu za mwisho wa safu zigeuze upande huo uangalie ndani, na hakuna atakayeuona.

Kabla ya kuitoa fremu, kwaruza kwa wembe alama za usawa wa boriti kwenye nguzo zote mbili. Safu ya vyumba vitano, yaani nafasi tano kati ya fremu na fremu, inataka fremu sita. Jenga saba, ya ziada utaishukuru.

Rangi kabla ya kuunganisha

Wengi huunganisha kwanza, halafu huanza kuhangaika na brashi kwenye vyumba vya milimita 17. Paka kwanza. Fremu zining'inize kwenye waya, uzipulizie praima ya kijivu kwa mikupuo myepesi, halafu bluu. Boriti zilaze kwenye tepu ya gundi pande mbili, uzipake chungwa. Bluu na chungwa ndiyo mchanganyiko unaouona katika maghala mengi ya Ulaya, na hata ya kwetu. Nguzo za rangi ya zinki, kijivu chenye mng'ao kidogo, nazo ni sahihi kabisa, na mimi huzipenda zaidi kwa ghala la kisasa kwa sababu mizigo ndiyo inayopata kuonekana.

Usitumie rangi inayong'aa. Rangi ya chuma ya ghalani ina mng'ao fulani, lakini kitu kidogo kiasi hiki kikimeta kinaonekana kama peremende. Chagua isiyong'aa kabisa.

Uchakavu upake pale panapochakaa kweli: sentimita 50 halisi za chini za nguzo ya mbele, ambapo uma za foklifti hugonga, na ukingo wa mbele wa boriti ya kwanza. Ncha ya sponji iliyochovywa kidogo kwenye kijivu cha chuma inatosha. Sehemu za juu ziache safi, ziwe na vumbi tu.

Boriti

Gundi ya kuyeyusha haishiki juu ya rangi, kwa hiyo hapa tumia supa gluu nzito, ile kama jeli. Supa gluu nyepesi huacha ukungu mweupe kwenye rangi.

Ili fremu zisimame kwa umbali sahihi unahitaji kitu cha kuweka katikati. Tofali la Lego lenye vichwa 4 katika safu moja lina urefu wa milimita 31.8, kina cha 7.8, na pembe zake ni za uhakika kuliko chochote utakachokata kwa mkono. Tofauti ya milimita 0.8 na hesabu yetu ni sentimita 7 tu katika uhalisia. Kata boriti zako zote kwa 31.8 na mambo yataenda sawa. Kwa kuwa tofali ni jembamba kuliko fremu, linaingia katikati na kuacha nafasi ya boriti mbele na nyuma.

Tengeneza pia kibao cha kimo: kipande cha mbao au tabaka za kadi zilizobandikwa hadi kufikia 15.7 kamili. Kisimamishe mezani kati ya nguzo mbili, weka boriti juu yake, ugundishe ncha zake kwenye nguzo. Boriti ina kimo cha 1.5, kwa hiyo usawa wake wa juu unafika 17.2. Kwa ngazi ya pili kibao kinakaa juu ya boriti ya kwanza, na ya tatu hivyohivyo. Kibao kimoja, ngazi tatu, na zile alama ulizokwaruza zinakuhakikishia kwamba hujateleza.

Ncha za boriti halisi zina bamba lenye ndoano linaloingia kwenye matundu ya nguzo. Katika safu ya mbele, bandika kipande cha karatasi ya chungwa cha milimita 1 kwa 2.5 pale boriti inapokutana na nguzo. Kazi hiyo inachosha, siwezi kusema vinginevyo, lakini inafanya rafu ionekane ya chuma na si ya vijiti.

Kwa safu za nyuma, njia ya mkato ni hii: chukua kipande kimoja kirefu cha boriti kinachopita mbele ya nguzo zote, ukigundishe mara moja. Halafu kwa brashi nyembamba chora bluu pale inapovuka kila nguzo. Kwa umbali wa nusu mita hakuna tofauti.

Safu mbili zinazopeana mgongo ziachie milimita 3 kati yao, ili paleti zinazochomoza nyuma zisigusane. Waya mfupi wa shaba juu na mwingine chini unaziunganisha, kama zilivyo rafu za kweli.

Paleti na mizigo

Paleti za dukani zipo na ni nzuri, ila kwa vyumba vitano vya ngazi tatu, pamoja na zinazokaa sakafuni chini ya boriti ya kwanza, unahitaji 60. Tengeneza zako. Ubao wa paleti ya Ulaya ni milimita 22, sawa na 0.25 katika HO, ambao ni unene wa karatasi ya manila. Kata vipande vya 13.8 kwa 9.2, chora mbao kwa kisu butu, paka kahawia ya kijivu. Chini gundisha vijiti vitatu vya milimita 1 kwa urefu wa paleti, na chini ya hivyo vipande vitatu vyembamba vya manila. Kutoka mbele utaona matundu mawili ya uma, na hayo ndiyo yanayotambulisha paleti. Kwa safu za nyuma hata vipande vya chini unaweza kuviacha.

Mzigo usizidi kimo cha 13. Kati ya boriti na boriti kuna 17.2, toa 1.5 ya boriti yenyewe, toa 1.65 ya paleti, bakiza 1 na kidogo ili dereva apate nafasi ya kuinua. Mzigo unaogusa boriti ya juu ni mzigo ambao hakuna foklifti ingeuweka pale.

Maboksi ni rahisi. Kata kipande cha mbao laini kwa 13.5 kwa 9, funika kwa karatasi ya kaki ya bahasha, kisha chora mistari ya maboksi kwa penseli kali. Bandika mistatili midogo myeupe kuwa lebo, ila si kila boksi. Upande mmoja tu, na kwa paleti moja lebo zote zikae sehemu ileile. Nailoni ya kufungia mizigo iige kwa kuzungusha tepu nyembamba angavu, pembeni ikiwa na mikunjo kidogo.

Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi na kimo cha 88. Hiyo ni 6.7 kwa 10, na penseli ya mviringo ina unene wa karibu milimita 7. Kata vipande vya 10, zungusha uzi mwembamba mara mbili kuwa zile pete za pipa, paka bluu au nyeusi. Kwenye paleti ya 1200 kwa 800 hukaa mawili tu, usilazimishe manne. Magunia yafinyange kwa udongo wa kukauka kwenye hewa, vidonge vya 9 kwa 6 kwa 1.7, ukiyapanga yangali mabichi ili yabonyeane.

Acha nafasi wazi. Kila chumba cha tano au sita kibaki kitupu, au kiwe na paleti mbili badala ya tatu. Vitu vya aina moja vikae pamoja: mapipa na mizigo mizito chini, myepesi juu. Rundo la paleti tupu kumi likae kwenye kona karibu na mlango.

Kuingiza ghalani

Usigundishe rafu kwenye sakafu ya ghala. Zigundishe kwenye bamba la kadi ngumu la rangi ya zege, ambalo linaingia na kutoka kama droo. Kwenye bamba hilo chora mistari ya njano ya milimita 1 kando ya ujia kabla rafu hazijasimama. Chini ya kila nguzo weka kipande cha karatasi cha 1.5 kwa 1.5, kile kitako cha chuma chenye bolti. Kama bamba linainua sakafu, kumbuka kuuhesabu unene wake: sakafu ya ghala, jukwaa na sakafu ya behewa lazima viwe usawa mmoja. Pima behewa lako mwenyewe, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana.

Kwenye ncha za safu panahitajika kizuizi cha kukinga nguzo. Pini ya stapla ya 26/6 ina upana wa takriban milimita 13, karibu sawa na kina cha fremu. Toboa matundu mawili, ichomeke miguu chini mpaka ibaki kimo cha milimita 4 hadi 5, ipake njano yenye michirizi myeusi. Hakuna kifaa cha dukani kinachokaa vizuri zaidi ya hicho.

Bila taa, kazi yote hii haitaonekana. Ukanda wa LED wa volti 12, mweupe usio wa manjano, uubandike juu ya ujia na si juu ya rafu, ufichwe nyuma ya kenchi. Punguza mwanga hadi uone mizigo bila kivuli kikali. Kama ghala ni fupi, kioo kwenye ukuta wa nyuma kinaongeza urefu wake mara mbili, mradi rafu ziguse kioo na pasiwe na maandishi makubwa karibu nacho.

Kwa vipimo vingine, rudi kwenye ukubwa halisi na ugawe upya. Katika OO, 1:76.2, boriti ni 35.4 na kina cha fremu 14.4. Katika O ya Marekani, 1:48, boriti inafika 56, na hapo utalazimika kuonyesha matundu ya nguzo, kwa sababu yataonekana. Katika N, 1:160, boriti ni 16.9 na nguzo ni 0.6, plastiki ya kukata kwa mkono haifai tena, tumia waya wa kebo kwa nguzo na karatasi kwa boriti, jenga safu ya mbele tu, na nyuma yake bandika picha iliyochapishwa.